Kuombea Chungu cha Wenzako

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa Mkoani, Pemba, umri wangu miaka 25. Skuli nimesoma hapa hapa kwetu, khalafu nikachukua shahada ya Kiswahili na historia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Sasa kuna jumuiya ya kuhifadhi bahari inatafuta ofisa wa kutafuta fedha. Kazi naitaka, lakini nikikaa kuandika wasifu wangu naona haya. Biolojia kidato cha nne nilipata D. Cha maana ninachokumbuka ni kuwa nilikuwa mweka hazina wa klabu ya mazingira: tulikusanya michango, tukapanda mikoko, na siku moja tukapelekwa kisiwa cha Misali. Daftari langu la hesabu liko mpaka leo kwenye kasha la mama, ingawa salio la mwisho, shilingi 11,500, sikumbuki tulimkabidhi nani. Je, mambo kama haya yana uzito wowote kwenye kazi hii, au ni kumbukumbu za utoto tu?

JIBU

Marahaba mwanangu.

Uzito yanao, ila umeyapanga kinyume. Misali umeiweka mwisho kama vile ndiyo kilele, na daftari umelitaja kwa kupitia tu. Mimi nimefanya kazi hii ya kutafuta fedha za hifadhi kwa miaka mingi, Unguja na Pemba, na ningeanza na daftari. D ya Biolojia tutaifikia, usiwe na haraka nayo.

Kwanza nikutoe kwenye dhana moja inayowasumbua vijana wengi wanaoniuliza swali lako. Mwaka 1980 Mmarekani mmoja, Thomas Tanner, alichapisha alichokipata baada ya kuwauliza watu wa hifadhi: nini kilikuingiza kwenye kazi hii? Wengi walitaja utoto wao wa nje, porini na majini, na baada ya hapo wakawataja wazazi na walimu. Baadaye Louise Chawla alihoji watu wa aina hiyo Kentucky na Norway, akapata picha inayokaribiana na ile. Tangu hapo imekuwa kama kanuni kwamba mtoto akikutana na maumbile mapema, atakuja kuyatetea. Sipingi. Lakini angalia walioulizwa ni akina nani: ni wale waliofika. Aliyecheza kwenye mto ule ule akaishia kuuza bima hayumo kwenye hesabu.

Na kwetu visiwani kipimo hicho hakichambui kitu. Mtoto wa pwani anaijua bahari kabla hajajua alifu. Akikua anaweza kuwa mlinzi wa mwamba wa matumbawe, na anaweza kuwa mwenye juya la kukokota linaloubomoa mwamba huo huo. Kuijua bahari hakukosi faida, lakini hakukutofautishi na jirani yako. Tena kazi unayoitaka si kazi ya bahari. Ni kazi ya watu, karatasi na subira, na bahari inakaa nyuma ya hayo yote ikisubiri.

Sasa daftari.

Wazee wetu wamesema muomba chumvi huombea chungu chake. Mtafuta fedha yuko kinyume kidogo: anaomba chumvi kwa ajili ya chungu cha wenzake, na chungu chenyewe hakioni kila siku. Kwa wengi wetu mahala pa mwanzo kuomba kwa namna hiyo ni skuli. Elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, lakini wewe na mimi tunajua kuwa chaki, mlango na dawati havikuja vyote kwa tangazo. Palikuwa na mchango wa maulidi ya skuli, wa jezi, wa mlinzi, wa mtungi wa maji. Na mtoto mmoja, mara nyingi msichana mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyepewa daftari na kuambiwa: kusanya.

Mimi nilikuwa mtoto huyo kidato cha pili. Mchango wa maulidi ulikuwa shilingi mia mbili kwa kila mwanafunzi. Nilizifunga kwenye pindo la kitambaa, nikaandika kila jina. Katikati ya wiki rafiki yangu akanililia nauli, nikampa mia sita kutoka kwenye pindo lile, naye akaahidi kuzirudisha Ijumaa. Ijumaa ikaja, mia sita hazikuja. Nilijaribu kuzizamisha kwenye hesabu, nikaandika kuwa ubani ulipanda bei.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mungu amrehemu, hakunipiga. Alinisimamisha mbele ya darasa, akasema, "Soma." Nikasoma jina la kwanza na fedha yake. "Endelea." Nikasoma jina baada ya jina, kisha matumizi: sukari, ubani, karatasi. Nilipofika kwenye ubani sauti ikakatika, na darasa zima likajua. Akasema tena, "Endelea." Nikasema ukweli. Nililipa zile mia sita kwa kuuza ubuyu wa rangi kwa wiki nne.

Kilichonishangaza kilikuja mwaka uliofuata. Walinichagua tena, na wenzangu wakatoa michango haraka kuliko mwanzo, hata wale wagumu waliokuwa wakikimbilia chooni wakiliona daftari. Sikuelewa. Nilidhani aibu ile ingenimaliza. Nilihitaji miaka kumi na tano na wafadhili wawili wakali kutambua kilichotokea: watu wale walikuwa wamesikia fedha yao ikisomwa kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na tundu lake. Waliwahi kutoa fedha mara nyingi maishani mwao, lakini pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa fedha hiyo kurudi kwao kama habari.

Kutafuta fedha za hifadhi ni hilo kwa sehemu kubwa. Watu hudhani kazi ni kuomba. Kuomba ni wiki chache za mwaka. Miezi iliyobaki unarudi kwa aliyetoa na daftari mkononi, na unarudi kijijini kuuliza kama chumvi ilifika chunguni. Asiyewahi kurudi na daftari akiwa mtoto hujifunza ukubwani, na ukubwani somo hilo lina gharama.

Nikupe kitu chengine cha skuli ambacho pengine hukukihesabu kuwa ni elimu: banda la skuli lenyewe. Vijijini kwetu wananchi huanza ujenzi kwa nguvu zao, mawe, mchanga, matofali, mafundi wa kijiji, hadi kwenye linta, kisha serikali au mfadhili huja kuezeka na kumalizia. Kama uliwahi kubeba mchanga kichwani baada ya masomo, basi umeshiriki katika mpango ambao wafadhili wa dunia nzima wanautaka. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, kwa miaka mingi haikuzidisha dola 50,000 kwa ruzuku moja, na ikitaka jamii iweke mchango wake, wa fedha au wa nguvu kazi. Nimeona maofisa wenye shahada mbili wakihangaika kulijaza fungu hilo kana kwamba ni fumbo. Wewe ulibeba lako kichwani. Siku za kuhesabu, saa za wanakamati, ngalawa iliyoazimwa, pahala pa mkutano alipopatoa sheha: vyote hivyo vina bei, na vinaandikwa.

Lakini usije ukaandika uongo hapo. Nimewaona wanaohesabu nguvu kazi ya watu mia wakati walikuja kumi na wawili. Mfadhili huja, huuliza, na kijiji hakijui kusema uongo mmoja kwa midomo kumi na miwili.

Tuje kwenye mikoko, maana hapo ndipo D yako ya Biolojia inapoingia.

Niambie kweli: mlipanda mikoko wapi, na ile mliyoipanda iko wapi leo? Siulizi kukutega. Klabu nyingi za skuli hupanda mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya upinde, kwa sababu mbegu yake ni ndefu kuliko penseli, huchipua ikiwa bado juu ya mti, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuichomeka topeni bila ya jembe. Picha inapendeza, watoto mia na fulana nyeupe. Shida ni kuwa pahala penye nafasi wazi, pale mbele kabisa panapopigwa na mawimbi, si pahala pake. Mbele kwetu hukaa mlilana. Mkoko hufuata nyuma, na mkandaa na mchu kwa kawaida huelekea nchi kavu. Ukichomeka mbegu kwenye tope ambalo halijawahi kuota mkoko tangu enzi za mababu, kuna sababu tope lile liko tupu: maji hukaa mno, au mawimbi hayapumziki. Mbegu husombwa, au husimama mwaka mmoja ikafa.

Mimi hili nililipia. Jumuiya moja niliyoifanyia kazi, siitaji, ilipata fedha za kupanda mikoko, na tukapanda kwa maelfu, na klabu za skuli tatu zikaja. Ripoti ya kwanza tuliandika idadi tuliyopanda. Baada ya mwaka nikaenda na bwana mmoja wa kijiji, maji yakiwa yametoka, tukahesabu iliyo hai. Haikufika thuluthi. Yule bwana akacheka, akasema, "Tuliwaambia siku ile, lakini mlikuwa na kamera."

Mkubwa wangu wa kazi akataka tuandike idadi iliyopandwa tu, kwani ndiyo mkataba uliyoitaja. Nikaandika zote mbili, na sababu, na pahala tulipokosea. Sitakupamba hadithi: mfadhili hakutupongeza. Aliuliza maswali kwa wiki sita, akapunguza fungu la mwaka wa pili, na wenzetu wawili wakakosa kazi. Nilikaa nikijiuliza kama nimefanya ujinga. Lakini fungu lile dogo tulilitumia kuacha kupanda. Tulifungua njia za maji zilizokuwa zimezibwa na kifusi, na mikoko ikajiotea yenyewe kwa mbegu zilizoletwa na bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kutoka mbali. Mfadhili yule alibaki nasi miaka saba. Mficha uchi hazai, lakini wasichokuambia wakati wa kulisema neno hili ni kuwa kuzaa kwenyewe kuna uchungu.

Kwa hiyo D yako: haitakuzuia. Hutaulizwa sehemu za seli. Utahitaji biolojia ya kutosha kumuuliza mtaalamu swali lililo sawa na kujua akikuzungusha, na hiyo utaipata kwa kuvaa viatu vya plastiki na kufuatana na anayejua. Kama hukuipenda Biolojia kwa sababu ilikuwa kukariri mchoro wa jani ubaoni, si ajabu. Pengine hujakutana nayo bado.

Misali sasa. Najua siku ile ilikuwa tamu: mashine, maji ya kijani, mchanga, chakula kwenye majani. Nakuuliza swali ambalo mtafuta fedha hujiuliza kila anapopanda boti: nani alilipa mafuta?

Hulijui jibu, na hakuna ubaya, ulikuwa mtoto. Lakini ukitaka kujipima kama kazi hii inakufaa, jione kama swali hilo linakuwasha. Chukua Chumbe, huku Unguja. Kisiwa kile kilitangazwa hifadhi mwaka 1994 na kinaendeshwa na kampuni binafsi isiyogawana faida. Kina mnara wa taa wa tangu 1904, kina msitu wake na mwamba wake, na kina nyumba saba tu za wageni. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi. Fedha ya mgeni anayelala pale ndiyo inayolinda mwamba, na ndiyo inayowaleta wanafunzi wa skuli zetu kuvaa miwani na kutia uso majini, wengi wao, hasa wasichana, kwa mara ya kwanza. Mtoto hurudi nyumbani akisimulia kasa. Ni wachache wanaorudi wakisimulia kwamba mgeni aliyelala pale ndiye aliyewalipia.

Na ule mpango wenyewe una udhaifu wake. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozima safari za dunia, kila hifadhi inayoishi kwa mgeni ilijua maana ya kuwa na mguu mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuwaambia wenzangu wakumbuke chuoni, nikimaanisha madrasa. Sisi tulilelewa tukijua wakfu: shamba la minazi au nyumba ya Mji Mkongwe hutolewa, haiuzwi, hairithiwi, na pato lake ndilo linaloendesha msikiti, kisima au madrasa. Fedha ambayo mtaji wake haugusiki na mavuno yake ndiyo yanayotumika wafadhili wakubwa wanaijua vizuri sana, wanaipa majina marefu, na wanadhani wanatufundisha kitu kigeni. Ukiweza kumweleza mzee tajiri wa Wete kwamba mwamba unaweza kuwekewa wakfu kama kisima, na kwamba hiyo ni sadaka yenye kuendelea, utakuwa umefanya jambo ambalo maandiko mia ya Kiingereza hayalifanyi. Sijaona bado watu wetu wakiombwa vizuri. Huombwa misikiti na mazishi, na hutoa. Bahari hakuna anayewaombea.

Misali yenyewe ni ushahidi. Umesimuliwa bila shaka kuwa Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, na jina likatoka hapo. Kisiwa kilipotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, palikuwa na kanuni na mipaka kama kawaida. Katika miaka iliyofuata walimu wa dini na wavuvi wakakaa na aya zenyewe, za mizani, za amana, ile ya Suratul Rum kuhusu ufisadi uliodhihiri barani na baharini kwa iliyofanya mikono ya watu. Wewe aya hizo ulizisoma chuoni ukiwa na miaka minane. Zimo kwenye wasifu wako, hata kama hukuziandika.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda: skuli pia imekuharibu, kama ilivyoniharibu mimi, na kabla hujaanza kazi ni vyema ujue wapi.

Insha, kwa mfano. Tulifundishwa kuanza mbali. "Bahari ni hazina adhimu aliyotujaalia Mwenyezi Mungu tangu dahari." Mwalimu alitia vema. Nimesoma maandiko ya miradi ya vijana wetu, mazuri ya kusikiliza, na nafika ukurasa wa tatu sijajua ni mwamba gani, kijiji gani, nani atafanya nini. Anayesoma upande wa pili ana maandiko mengine themanini mezani. Mwambie mara moja: katika shehia fulani wanawake wanaochokoa pweza wanataka kuufunga mwamba wao miezi mitatu ili pweza wakue, wamekwisha kukubaliana na kamati ya wavuvi, wanahitaji boti ya doria na mafuta na mafunzo ya kupima uzito siku ya kufungua, gharama ni hii, na tutajua kama limefaa kwa kulinganisha mizani ya kabla na ya baada. Umemaliza. Mapambo yabaki kwenye kanga.

Kwenye shahada yako, historia itakusaidia kuliko unavyodhani, maana ilikufundisha kuuliza ushahidi uko wapi. Kiswahili nacho si kitu kidogo: habari zote za kweli za miradi yetu huanzia kwenye kinywa cha mtu aliyekaa juu ya jiwe akisubiri maji yatoke. Lakini Kiingereza cha kuandika utakihitaji, sikufichi, na si cha kutafuna maneno makubwa, ni cha sentensi fupi zisizokosea. Kama chako kimedorora, anza leo.

Jengine ni "ndiyo, mwalimu." Hili limetuharibia miradi mingi kuliko ukosefu wa fedha. Tumelelewa kuwa aliyesimama mbele ndiye mwenye jibu, na kusema "hapana" ni utovu wa adabu. Tukikua, mfadhili anakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Niliwahi kupokea barua pepe ya mfadhili akitaka mwamba ufungwe na ufunguliwe kwa tarehe zinazolingana na mwaka wake wa fedha. Tarehe yake ya kufungua iliangukia maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali. Bibi mmoja mchokoaji akaniuliza kwa upole, "Kwani huyo mzungu atatuletea na bamvua lake?" Nilikuwa nimekwisha kujibu ndiyo. Ilibidi nirudi kwa mfadhili, nieleze kuwa pweza hutafutwa kwa miguu, maji yakitoka mbali, na siku hizo ni za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, basi. Alibadilisha tarehe kwa dakika tano. Hakujua tu. Fikiria tungenyamaza: siku ya kufungua wanawake mia wangesimama ufukweni wakitazama maji yaliyojaa, na ripoti ingeandika kuwa kufunga mwamba hakufai.

Kusoma kwako usiku kucha kabla ya mtihani sitakusema, kwani sote tulifanya hivyo. Jua tu kuwa kutoka dokezo la mwanzo hadi fedha kuingia benki mwaka unaweza kupita, na maombi mengi hukataliwa. Kazi hii inampendelea mtu wa upatu, anayeweka kidogo kidogo na anayejua zamu yake itafika, kuliko mtu wa mkesha.

Basi kuhusu nafasi hii. Iombe. Kwenye wasifu usiandike "napenda mazingira tangu utoto". Wataipata kwenye barua zote. Andika ulikuwa mweka hazina wa klabu kwa miaka mingapi, mlikusanya kiasi gani kwa jumla, kutoka kwa watu wangapi, mkanunua nini. Andika mikoko mlipanda wapi, na kabla ya kuandika nenda ukaitazame. Kutoka Mkoani si safari. Ukikuta imekufa, andika kuwa imekufa na unadhani kwa nini. Nikiwa mimi ndiye ninayesaili, mtu huyo namtaka kabla hajakaa.

Na wewe pia uwasaili. Omba kuona hesabu zao zilizokaguliwa. Uliza mshahara wako unatoka fungu gani na utakwisha lini, na kama wana fedha yoyote isiyofungwa kwenye mradi, maana jumuiya isiyo na fedha huru hukopa kwenye mradi mmoja kulipia mwengine, kama mimi na zile mia sita. Wakikuambia utalipwa asilimia ya utakachokileta, shukuru kwa adabu na uondoke. Chama cha watafuta fedha cha Marekani, AFP, kinayakataza malipo ya namna hiyo kwenye kanuni zake za maadili, na sababu utaiona mwenyewe: mtu anayelipwa kwa asilimia atakubali fedha yoyote, kwa sharti lolote, na ataahidi mikoko juu ya mwamba.

Siku ya usaili chukua lile daftari, lilivyo, na madoa yake. Lakini kwanza lifungue ukurasa wa mwisho. Zile 11,500. Umeniandikia kuwa hukumbuki mlimkabidhi nani, na mtu wa kwanza atakayelipekua atauliza hapo hapo. Wenzako wa klabu wengine bado wako Mkoani, na simu mnazo. Waulize wiki hii. Kama zilikabidhiwa kwa mwalimu mlezi, andika hivyo na tarehe mnayoikumbuka. Kama mlizila kwa soda siku ya mahafali, na mimi nadhani mlizila, andika soda.